Watu Ndani

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kuogopa mashine. Miaka kumi na minne nimekaa hapa Mumbuni nikifungua redio zilizojaa mende, televisheni zilizopigwa na radi, na mizani za wachinjaji ambazo wenyewe hawataki zipone, na hakuna hata moja iliyowahi kunifanya nigeuke kuangalia nyuma yangu. Kwa hivyo mtu asije akaniambia nilikuwa na njaa siku ile, ama baridi ya Julai ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Ilikuwa mwaka wa 2004, saa tatu asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilima vya Iveti mpaka huoni upande wa pili wa barabara. Mlango ukasukumwa, akaingia mzee Hirsi na katoni kifuani. Huyu Hirsi ni mfanyabiashara wa mbuzi, ana boma na kisima nje kidogo ya Matuu. Tulikuwa hatujaonana tangu mazishi ya Muli, karibu miaka miwili.

"Fundi Ndunge," akasema. "Bado unaongea na vyuma kuliko watu?"

"Vyuma haviniulizi nitaolewa lini, mzee. Keti."

Akatabasamu kidogo tu. Akaweka katoni juu ya meza, akaifungua, nami nikaiona bodi. Ile sahani ya kijani tuliyoitengeneza mimi na Muli kwa mikono yetu, na kando yake ndoano ya chuma yenye springi. 

"Injini ya dizeli niliyonunua baada ya mazishi imekufa kabisa," Hirsi akasema. "Wanaume wanne wanavuta maji kwa kamba kutoka asubuhi mpaka jioni na mbuzi bado wanalia. Lakini si maji yamenileta. Dada yangu Deka hajakanyaga kwangu tangu nimfukuze mwanawe. Mustaf yuko Garissa anabeba magunia. Siku moja uliniambia hii kitu hukumbuka yenyewe, hata umeme ukipotea. Basi iulize. Iulize ni nani aliwasha pampu."

"Mzee, hayo tulimaliza."

"Nyinyi mlimaliza. Mimi sijamaliza."

Niwaeleze, ndio tusipotezane. Muli ndiye aliyenifundisha kazi. Duka hili lilikuwa lake. Nilikuja hapa nimetoka tu shuleni, fomu foo, mdomo mrefu, kazi sijui, akanipa kiti na akavumilia hasira zangu. Hirsi alipochimba kisima, kile kipana cha mtu kushuka kwa ngazi, Muli akamtengenezea bodi ya kuendesha pampu. Tangi likipungua, bodi inaiwasha yenyewe. Shida ni kwamba pampu ilikuwa kuukuu na waya wake umechubuka. Ikiwaka mtu akiwa majini, umeme unampata. Na ilibidi mtu ashuke kila mara kutoa matope kwenye mdomo wa pampu.

Kwa hivyo Muli akaweka ndoano mlangoni pa kisima. Anayeshuka anatundika kofia yake. Springi ni laini, kofia inaivuta, na bodi inaongeza moja kwenye namba aliyoiita WATU_NDANI. Akipanda anachukua kofia, namba inapungua. Namba isipokuwa sifuri, bodi haiwashi pampu, hata tangi likauke. Kulikuwa na njia nyingine moja tu ya kuiwasha: swichi ya mkono iliyokuwa ukutani, ya dharura, ambayo haipitii kwa bodi.

Juu ya hayo akaweka sheria ya mdomo. Aliye juu, kabla hajagusa kitu chochote, amwite aliye chini kwa jina na angoje aitikie. Si "wewe", si "oya". Jina. Kila siku alinigombeza kwa hilo, nami kila siku nilimwambia anafanya kazi kama mchungaji wa kanisa.

Septemba 2002 Muli akashuka. Alitundika kofia yake ya buluu, niliiona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa kibandani kando ya kisima na laptop, nimeiunganisha na bodi. Mustaf, mpwa wa Hirsi, alikuwa nje ameshika kamba ya ndoo, karibu na ile swichi ya mkono. Pampu ikawaka. Hirsi akakimbia kuzima umeme wa boma lote, lakini zilikuwa zimepita kama sekunde nne, na hizo zilitosha.

Polisi wakaniuliza nani alikuwa karibu na swichi. Nikasema Mustaf. Ilikuwa kweli, alikuwa karibu. Kijana akaapa wallahi hakuigusa, nami nikasema bodi haiwezi kuwasha pampu mtu akiwa ndani, mimi ndiye niliyeitengeneza. Nilisema nikilia, mbele ya Kavutha, mjane wa Muli, na watu wakaniamini. Kesi haikufika popote, lakini Hirsi akamfukuza kijana. Na tangu siku hizo, kila saa sita mchana, Kavutha alikuwa akiniletea chakula dukani. Nyumba yake iko hapo nyuma tu. Alikuwa akisema mimi ndiye mtoto ambaye Muli alimwachia.

Kuna kitu nimekiruka hapo katikati. Nitakisema mahali pake.

Basi. Nikaondoa vikombe mezani, nikatundika ile ndoano kwenye msumari ukutani ili isinichome, nikatoa laptop. Nilikuwa na hasira na Hirsi, niseme ukweli. Nilijua jibu. Nilitaka kumwonyesha, aende zake.

Lakini kuiuliza mashine si kubonyeza tu. Kuna programu tunaiita dibaga. Inaingia kwenye prosesa ya bodi kwa waya, inaisimamisha katikati ya kazi, inasoma kumbukumbu yake, kisha inaiachilia iendelee bila yenyewe kujua ilisimamishwa. Ila kwanza lazima uiambie dibaga inazungumza na nani. Prosesa ni ya aina gani, mapigo yake yana kasi gani, waya unasema haraka kiasi gani, kila kitu kimehifadhiwa anwani gani. Ukikosea moja, unapata upuuzi ama kimya.

Mipangilio ya zamani ilikuwa kwenye disketi, kwenye droo, na mwandiko wa Muli juu yake. Sikutaka kuigusa. Nikaanza upya.

Mahali pa pampu nikafunga balbu ya kawaida, ili tukiona balbu imewaka tujue pampu ingewaka. Nikachomeka waya wa mazungumzo. Kitaa chekundu cha bodi kikawaka, hafifu.

"Imeamka," Hirsi akasema.

"Subiri. Sijaipa umeme."

Tukakitazama. Waya wa umeme wa bodi ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Hiyo hutokea," nikamwambia. "Umeme kidogo unapenya kwa waya wa laptop. Bodi inaiba pumzi. Hata Muli alinionya juu ya hiyo."

"Mimi sijauliza kitu, fundi."

Nikaipa umeme wake. Nikachagua aina ya prosesa. Mapigo nikaandika milioni kumi na mbili kwa sekunde, kwa sababu nyingi huwa hivyo. Nikaunganisha, na skrini ikajaa takataka, herufi zisizo na kichwa wala miguu. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, maana yake umekosea kasi. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba hazikumiminika mfululizo. Zilikuja kidogo, zikanyamaza, zikaja kidogo, zikanyamaza. Hirsi alisogeza kiti karibu, na nikagundua kwamba pumzi zangu zilikuwa zikifuatana nazo. Nikachomoa.

Nikachukua kioo cha kukuzia, nikasoma kidude cha mapigo pale kwenye bodi. Hakikuwa kumi na mbili. Kilikuwa kumi na moja nukta sifuri tano tisa mbili. Hapo nikajilaani, maana hilo nilifundishwa wiki ya kwanza. Nikarekebisha, nikarekebisha na kasi ya waya, nikaandika anwani za kumbukumbu kutoka kwenye daftari. Nikaunganisha tena. Safari hii ikajibu safi, nami nikaomba jambo moja tu.

WATU_NDANI = 1

"Umeona?" Nikageuza skrini kwa Hirsi, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeshinda. "Bodi ilijua kuna mtu ndani. Ulipozima umeme wa boma, kofia ilikuwa bado inaning'inia. Ikaja kutolewa bodi ikiwa imezima, kwa hivyo haikuona ikitolewa. Betri yake ndogo imeitunza hiyo moja miaka miwili. Kama ilijua kuna mtu, haingewasha. Kwa hivyo ni swichi ya mkono. Ni Mustaf. Pole, mzee."

 Hirsi akapangusa uso kwa kilemba chake. Nilimwonea huruma, haki ya Mungu, lakini pia nilikuwa nimepumua.

"Basi mtoe," akasema mwishowe. "Mtoe Muli humo ndani, nipate maji niende."

Hiyo ni kazi ya kuandika sifuri. Nikaandika sifuri, nikaachilia prosesa iendelee. Nikasoma tena.

WATU_NDANI = 1

Nikarudia. Ikarudi moja. Mara tano. Nikamwambia Hirsi ni waya wa ndoano: ukiachwa wazi bila ndoano unaokota umeme wa hewani, bodi inadhani kuna kofia. Nikachukua kipande cha waya, nikaufunga kabisa huo mlango wa bodi ambao waya wa ndoano huingilia, ndoano isiweze kusema lolote, hata ingetaka. Nikaandika sifuri. Ikarudi moja.

"Fundi," Hirsi akasema polepole. "Angalia ukutani."

Ile ndoano kwenye msumari, isiyounganishwa na kitu chochote duniani, springi yake ilikuwa imevutika. Imevutika vile tu inavyovutika ikibeba kofia. Nikasimama, nikaisukuma juu kwa kidole. Ilikuwa nzito. Nilipoiachilia ikashuka tena taratibu, ikatulia pale pale. Na dukani mwangu, ambamo kwa kawaida kunanuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na mafuta ya nazi, kukanuka matope ya kisima.

Aii, nilikasirika. Mimi nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia Hirsi hiyo springi imezeeka, amekaa nayo boma kwenye vumbi na mikojo ya mbuzi, sasa anakuja kunitishia dukani kwangu. Nikamwambia mimi ndiye nimekosea mipangilio, labda anwani ninayoandikia si yenyewe, na sasa nitatumia ile ya zamani tuone kama huu upuuzi utaendelea. Nikavuta droo. Nikatoa disketi ya Muli, nikaifuta vumbi kwa sweta, nikaitia kwenye laptop. Dibaga ikaipata faili, ikajipanga yenyewe. Nikabonyeza kuunganisha.

Balbu ikawaka.

"Mashallah!" Hirsi akaruka kutoka kitini. "Imepona! Umefanya nini?"

Sikuwa nimefanya kitu. Sikuwa nimeandika sifuri, sikuwa nimetoa amri hata moja. Nilikuwa nimeunganisha tu. Skrini ilisema WATU_NDANI = 0, na balbu ikamulika meza yangu yote, ikamulika mikono yangu. Nikahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha namba ikarudi moja na balbu ikazimika.

Sekunde nne.

Sasa nitasema kile nilichokiruka. Siku ile Matuu, Muli akiwa chini, laptop yangu iliganda. Ilikuwa na tabia hiyo. Nikaitukana, nikaizima, nikaiwasha, nikachomoa waya wa bodi nikauchomeka tena, nikabonyeza kuunganisha. Sikumwita Muli kwanza. Kisima kilikuwa hatua tatu kutoka nilipoketi, na sikumwita, kwa sababu nilikuwa na hasira na kwa sababu niliona ni mambo ya kanisa. Nikabonyeza. Halafu nikasikia pampu.

Sikuwahi kuwaambia polisi hilo. Si kwamba nilificha. Kuunganisha dibaga ni kusoma tu, si kuwasha kitu. Ndivyo nilivyojiambia mpaka nikaamini.

Nikaifungua ile faili ya mipangilio, nisome maandishi yake. Mistari mingi ilikuwa ya Muli: aina ya prosesa, mapigo, kasi ya waya, na maelezo mafupi kwa Kikamba pembeni. Mstari wa mwisho haukuwa wake. Ulikuwa unasema hivi: kila ukiunganisha, andika sifuri kwenye WATU_NDANI, kisha iendelee. Na pembeni, kwa maneno yangu mwenyewe: *Nimeongeza hii ndio ndoano isinisumbue nikijaribu mezani. Nitaitoa. Ndunge.*

Niliuongeza Agosti 2002. Kila nikijaribu bodi hapa mezani ilikataa kuwasha kwa sababu ndoano ikilazwa mezani huvutika kama imebeba kofia, nami nikachoka kuinua ndoano kwa mkono. Mstari mmoja. Nikasema nitautoa tukienda Matuu.

Hirsi hakuweza kusoma uso wangu, alikuwa akiikagua balbu. "Ni nini?" akauliza.

"Ni mipangilio tu," nikasema.

Nataka mjue nilivyofanya, msije mkanisifu. Nikaufuta ule mstari. Nikahifadhi faili. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Nikajiambia Muli hatarudi, Mustaf ni kijana, ana nguvu, atapata kazi nyingine, na Kavutha akijua hili atakufa. Nikajiambia nitamtengenezea Hirsi bodi mpya bila malipo. Mikono ilikuwa imara kabisa. Ni kichwa ndicho kilianza kuniuma, pale nilipokumbuka jambo la mwisho, ambalo mtu yeyote wa kazi hii angelikumbuka mapema.

Kama niliandika sifuri siku ile, basi kumbukumbu ya bodi ilibaki na sifuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfuta. Hakukuwa na moja ya kutunzwa na betri. Ile moja ya asubuhi, ambayo nilimwonyesha Hirsi kwa majivuno, iliandikwa na nani?

"Unganisha tena," Hirsi akasema. "Tuone."

Sikutaka, lakini nikaunganisha, na mipangilio sasa ilikuwa safi, haina mstari wangu.

WATU_NDANI = 2

Ndoano ukutani ikatoa mlio mdogo. Springi ilishuka tena, chini zaidi.

"Ilikuwa moja," Hirsi akasema.

"Ni kelele za waya."

"Ilikuwa moja, fundi. Huyo mmoja tunamjua." Alisimama, akarudi nyuma hatua moja kutoka mezani. "Wa pili ni nani?"

Nikahisi baridi miguuni. Ikapanda, ikafika kwenye magoti, baridi ya maji na wala si ya ukungu, na nilipotazama chini sakafu ilikuwa kavu na viatu vyangu vikavu. Nikajaribu kusogea na miguu ikawa mizito, vile inavyokuwa mtu akiwa kwenye matope. Ikafika kiunoni. Maji yalimfika Muli hapo. Tulipomtoa, nguo zilikuwa zimelowa mpaka kiunoni tu.

"Si Mustaf," nikasema.

"Sema tena."

"Mustaf hakugusa swichi. Ni mimi. Niliunganisha hii laptop bila kumwita Muli, na kulikuwa na mstari wangu unaofuta namba. Tangi lilikuwa limepungua, na bodi ikadhani hakuna mtu. Ni mimi, mzee. Sasa hivi nimeufuta huo mstari ili usijue."

Hirsi hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alitoa simu mfukoni, akatafuta jina, akaongea Kisomali maneno mawili matatu, kisha akaninyooshea.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

Nikamwambia. Sauti za soko zilisikika upande wa pili, mtu akiuza kitu kwa kipaza sauti. Mustaf hakukatiza hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili."

"Najua."

"Ulikuwa unaniangalia, dada. Ulikuwa unaona mikono yangu."

"Ndiyo. Niliiona."

Akakata simu. Na hapo, nikiwa bado nimeishika sikioni, nikaona kwamba mlango ulikuwa wazi na ukungu unaingia. Kavutha alikuwa amesimama kizingitini na kikapu chake cha saa sita, sufuria ya muthokoi, mahindi na maharagwe, imefunikwa kwa kitambaa, sahani mbili kwa sababu alikuwa amesikia sauti ya mgeni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Kila siku alikuwa akiniamkia kwa Kikamba "Wakya?" nami nikimjibu "Aa". Siku hiyo hakuniamkia.

"Mwaitu," nikasema. Ndivyo ninavyomwita, mama. 

Aliingia, akaweka kikapu sakafuni. Hakunitazama. Alitazama ndoano, akatazama skrini, na ingawa Kavutha hajui kompyuta hata kidogo, jina la ile namba alilijua. Muli alilichagua jikoni kwake, akila.

"Hukumwita," akasema.

"Sikumwita, mwaitu."

"Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, Ndunge hajifunzi kuita. Mimi nikimwambia, mwache, ni mtoto." Akajifunga leso upya kiunoni, polepole, vile wanawake hufanya wakiwa na kazi mbele yao. "Mwite sasa."

"Mwaitu, tafadhali."

"Mwite. Miaka miwili amekaa akingoja aitwe ndio apande. Mwite!"

Hirsi alikuwa ameshusha macho. Nikainama juu ya bodi, juu ya ile sahani ya kijani ya upana wa kiganja, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuinamia.  Nikaita mara ya kwanza ikatoka pumzi tu. Nikaita mara ya pili.

"Muli!"

Tukangoja, kama alivyonifundisha, uite na ungoje aitikie. Balbu haikuwaka. Hakuna sauti iliyotoka popote, msije mkaongeza chumvi mkienda kusimulia. Ila springi ya ile ndoano ilipanda. Ilipanda taratibu, ikasimama nusu. Kavutha akaweka kiganja mdomoni. Harufu ya matope ikapungua, na baadaye sikuisikia tena.

WATU_NDANI = 1

"Ametoka," Kavutha akasema.

Akainama akaokota kikapu chake. Alichukua na sahani zote mbili. Nikamwita, nikamwambia nisamehe mwaitu, nikamwambia mengi, na yeye akafunga kile kitambaa juu ya sufuria, akaangalia kama kimekaa sawa, akatoka. Tangu siku hiyo hajaleta chakula, wala sijathubutu kwenda kuomba maji nyumbani kwake, ijapokuwa ni hatua ishirini.

Mustaf alirudi Matuu kabla ya Ramadhani. Deka akakanyaga tena kwa kaka yake. Hirsi alinunua pampu mpya ya kukaa juu ya kisima, hakuna mtu anashuka tena, na bodi akaniachia. Alisema haitaki bomani mwake. Nilienda polisi nikaandikisha maelezo mapya, askari akaniuliza dibaga ni nini, nikamweleza mara tatu, akaandika "hitilafu ya kompyuta" na akaniambia niende nyumbani.

Bodi iko hapa chini ya meza. Nimetoa betri. Wakati mwingine mchana, duka likiwa tupu na saa sita imepita, huitoa, nikapanga dibaga upya kutoka mwanzo kwa mkono: aina ya prosesa, mapigo kumi na moja nukta sifuri tano tisa mbili, kasi ya waya, anwani. Sikosei siku hizi. Nauliza lile jambo moja tu, na jibu halijawahi kubadilika. Ni moja. Huyo mmoja ni mimi. Mtu wa kuniita kwa jina ili nipande alikuwa Kavutha, na haji.